Mahameli Iliyogeuzwa

Machi 4

Mvua imeanza, kiwanda kimefungwa, na mimi nalala kwenye kochi la mdogo wangu. Nimeyapanga hivyo kwa ukubwa wa hasara, kutoka ndogo kwenda kubwa.

Kochi lenyewe nililinunua mimi, mwaka aliooa. Sikufikiria kulipima kwa mwili wangu. Miguu inabaki nje kuanzia vifundoni.

Nimekata vitambaa miaka ishirini na sita. Nilianza kwa kufagia vipande chini ya meza, nikamaliza nikiwa msimamizi wa meza mbili. Kwa mkasi huo nilimsomesha huyu mdogo wangu mpaka akawa karani wa bima na kuanza kuvaa tai. Leo jioni ameona ni zamu yake kunisomesha mimi.

"Dada, siku hizi kazi haiombwi. Unajinadi."

Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Basi kaa hapo kwenye kochi ujiuze," akasema, "tuone nani atapita kununua."

Mkewe alicheka hadi akaweka sufuria chini.

Machi 7

Mvua. Nina gauni moja la kwendea kwa watu, la kahawia. Halijakauka. Nimelivaa hivyo hivyo.

Machi 11

Kiwanda cha sare za shule. Msichana wa mapokezi alinipandisha na kunishusha kwa macho, kisha akaninyooshea kidole mlango wa nyuma. "Wa usafi wanapitia kule, mama."

Nikamwambia nimekuja kwa nafasi ya msimamizi wa ukataji. Akaita mwenzake aje asikie. Yule mwenzake alikuwa na adabu zaidi: aliniuliza umri kwanza, ndipo akacheka.

Machi 13

Mdogo wangu amenilipia semina ya kutafuta kazi. Mwalimu ni kijana mwenye viatu vilivyochongoka kama sindano ya magunia, na hajawahi kuajiriwa popote isipokuwa kufundisha watu kuajiriwa. Kila mmoja alisimama ajieleze kwa nusu dakika.

Niliposimama nikasema: "Meza zangu zilikuwa zikitupa kumi na tano katika kila mia ya kitambaa. Nilizishusha hadi tisa."

Kijana akashika shavu. "Mama, hiyo ni hesabu. Mwajiri hanunui hesabu, ananunua alichokiona kwa macho. Ulimwonyesha nini?"

Nilirudi kwa miguu kwenye matope huku nikimtukana kichwani, na nilipofika kona ya duka la dawa matusi yakaniishia, kwa sababu nilimkumbuka fundi umeme wetu. Mashine zilikuwa zinamfia kila mwezi, na kila mwezi anazifufua, watu wamemzunguka, mwenye kiwanda amesimama karibu na kijasho. Siku ya kuwaaga wafanyakazi alipewa saa ya ukutani. Meza zangu hazikufa hata mara moja. Mimi nilipigiwa makofi, yale ya kupigiwa wote kwa pamoja.

Machi 16

Wifi anasema gauni langu linanuka mbwa aliyenyeshewa. Ni kweli.

Machi 20

Wiki hii wamenikataa watatu. Mmoja aliniambia wanatafuta damu changa. Mmoja alisema nina uzoefu mwingi mno, kana kwamba ni chunusi. Wa tatu alinirudishia karatasi zangu zikiwa na alama ya kikombe cha chai.

Machi 27

Chumba chao na kochi langu vinatenganishwa na ubao mwembamba. Wanadhani mvua ikipiga bati sisikii.

Wifi: "Mimi simfukuzi dada yako. Nauliza tu. Ni wifi au ni kabati?"

Mdogo wangu: "Mvua zikikatika nitaongea naye."

Wifi: "Mvua. Unamsubirisha Mungu ndiyo umtoe mtu sebuleni."

Kisha wakacheka wote wawili, kicheko cha chini, cha watu wanaopendana. Mdogo wangu nilimfunga viatu vya shule kwa mikono hii. Nimekaa nikitazama miguu yangu.

Aprili 2

Sikulitegemea hili, na lazima niliandike kama lilivyo, ingawa linaniudhi.

Wifi anafanya kazi ya kutandaza vitambaa kwenye karakana ya mapazia na vifuniko vya viti. Robota, kitambaa kikiwa kimeviringishwa, linawekwa kwenye kigoda chake mwisho wa meza, kitambaa kinavutwa, kinalazwa, kinakatwa, kinavutwa tena, tabaka juu ya tabaka, hadi mrundo ufike kimo cha mashine ya kukatia. Msimamizi wao anahama. Mwenye karakana, wanayemwita Miwani, alimwambia wifi achukue nafasi hiyo. Wifi akakataa, akanitaja mimi.

"Nimemwambia nina wifi yangu, jeuri, hana shukrani, lakini mkononi ana macho."

Nikamuuliza kwa nini hakuichukua mwenyewe.

"Cheo cha nini? Nigombane na watu kutwa nzima? Mimi nataka uniachie kochi langu, wifi. Kila mtu na ndoto yake."

Nilisema ahsante. Ilitoka kavu kama kipande cha sabuni kilichobaki. Yeye aliisikia, akanipa chai.

Aprili 8

Miwani anakuangalia juu ya miwani, kamwe si ndani yake. Alisukuma karatasi zangu pembeni bila kuzifungua.

"Wifi yako amekusifu sana. Ndugu husifiana, ndiyo kazi yao. Utakaa mezani siku tatu, bila malipo, unashika ncha ya pili ya kitambaa. Nikiona kitu cha kulipia, nitalipa. Nisipoona, tumeagana vizuri."

Leo ilikuwa pamba nyeupe, mashuka. Nilikuta kingo zinapishana, nikazinyoosha. Jioni akapita, akatazama mrundo ulionyooka kama ukuta.

"Leo sijaona kitu," akasema.

Aprili 9

Mvua tangu alfajiri. Leo nimeyaua makosa matatu kabla hayajazaliwa. Chaki ya kipande cha mkono wa kiti ilikuwa imechorwa ndani kidogo. Nikamwambia mchoraji kwa sauti ya chini, akafuta. Robota lilikuwa na mstari wa doa, nikalikunja nje. Na uzi wa kupimia ulikuwa umevutika kwa unyevu, nikaleta mwingine.

Jioni Miwani akasimama mlangoni na mwavuli wake.

"Kesho ndiyo ya mwisho, mama. Hata leo mambo yamekwenda yenyewe tu."

Yenyewe tu. Nimeirudia njia nzima. Wifi alinipa nusu ya mwavuli wake, bega lake la kushoto likaloa lote, akaongea juu ya bei ya mkaa hadi tukafika nyumbani.

Aprili 10

Naandika kwa kirefu, maana leo ndiyo siku yenyewe.

Ilikuwa mahameli. Nyekundu iliyokolea, vifuniko vya viti vya ukumbi mzima, oda kubwa kuliko zote walizopata mwaka huu. Wifi na wenzake wamezoea pamba. Pamba haina kichwa wala miguu, ilaze utakavyo. Mahameli ina malaika, vile vinyweleo vifupi vilivyolala upande mmoja. Ukipitisha kiganja kufuata malaika, kinateleza kama kwenye mgongo wa paka. Ukipitisha kinyume, kinakwama, na rangi inageuka. Vipande vyote lazima vilale upande mmoja. Ukichanganya, kiti kimoja kitaonekana chekundu na cha jirani yake kama damu iliyokauka, na hakuna pasi wala dua itakayorekebisha.

Wifi anajua hivyo. Alilikagua robota la kwanza vizuri, tukatandaza matabaka ishirini, yote sawa. Robota likaisha. Wabebaji wakaleta la pili, wakalipandisha kwenye kigoda. Lilikuwa limeviringishwa kinyume na la kwanza, na hawakuligeuza. Mchana kweupe lingejulikana kwa rangi. Leo wingu lilikuwa limeshuka hadi madirishani, umeme unakuja na kuondoka, na ndani rangi zote zilikuwa kahawia kama gauni langu.

Tabaka la ishirini na moja lilipofika kwenye ncha yangu, kiganja changu kilikwama.

Nilijua hapo hapo. Sikuhitaji kurudia. Nikamtazama wifi upande wa pili wa meza. Alikuwa amevaa glovu zile za pamba, kwa sababu vidole vyake vinapasuka wakati wa baridi, na glovu haisikii malaika.

Nilifungua mdomo. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Ningesema, "Wifi, robota limegeuka." Angesema, "Ee, kweli." Tungelitoa tabaka moja, wabebaji wangeligeuza robota, dakika chache basi. Jioni Miwani angesimama mlangoni na kusema mambo yamekwenda yenyewe tu. Ningerudi kwenye kochi, na mvua zikikatika ningeongelewa. Tabaka moja halina bei. Nani amewahi kumlipa mtu kwa moto aliouzima ukiwa bado kijiti?

Nikafunga mdomo. Nikalaza.

Tulipofika kwenye tabaka la thelathini na kitu, wifi akasimama, akavuta pumzi, akapitisha glovu juu ya kitambaa.

"Wifi, hapa pako sawa? Mbona nakiona kama kimekunja uso?"

Nikamjibu: "Wewe ndiye mwenye meza. Mimi mgeni."

"Mgeni," akacheka. "Mgeni wa kochi langu mwezi mzima." Akaendelea kuvuta.

Tulifika sitini na nne. Karatasi ya michoro ikalazwa juu, ikabanwa. Mkataji akavaa glovu ya chuma, akaivuta mashine. Miwani alikuja mwenyewe kusimamia, maana ndiyo oda ya ukumbi. Wakasimama wote kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Hapo ndipo nilipoweka kiganja changu ubavuni mwa mrundo na kusema, "Zima mashine."

Nikafungua ncha. Nikachukua mkono wa Miwani, mwenyewe, nikaupitisha kwenye tabaka la ishirini, kisha kwenye la ishirini na moja. Aliurudisha mkono kana kwamba umeungua. Nikasema, "Matabaka arobaini na nne yamelala kinyume. Mashine ingeshuka, ungekuwa na theluthi moja ya ukumbi na theluthi mbili za matambara."

Alivua miwani. Sikujua kwamba inavuliwa.

"Nani mwenye meza?"

Wifi alikuwa anavua glovu, kidole kimoja kimoja.

Aprili 11

Nimepata kazi. Msimamizi wa ukataji, miezi miwili ya majaribio, kisha ya kudumu. Alinipa mkono mbele ya wote.

Wifi alifukuzwa jana ile ile. Nilitegemea angekatwa mshahara au ahamishiwe kwenye pasi. Sikufanya hesabu hiyo, na ni hesabu niliyopaswa kuifanya. Miwani alisema, "Mtu aliyekataa usimamizi kwa kuogopa kugombana, na kitambaa nacho anaogopa kugombana nacho." Watu wakacheka kidogo, kwa kuwa mwenye mshahara wao alikuwa ameshacheka.

Aprili 12

Chai ilimwagwa nikiingia karakanani. Hakuna aliyemwaga kwa makusudi, wanasema.

Aprili 13

Jumapili. Mdogo wangu alikaa mbele ya kochi kwenye kigoda cha jikoni, bila tai.

"Dada, mke wangu anasema alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Katikati ya kazi. Akakuuliza pako sawa."

"Nikamwambia ukweli, kwamba yeye ndiye mwenye meza."

"Ulikuwa umeshajua?"

Nikamwambia: mimi nilikuwa sina mshahara pale. Siku tatu nilifanya kazi bure, na mtu wa bure hadaiwi macho. Nikamwambia anipe semina nyingine. Nikamwambia nilikuwa nafanya alichonituma, kujinadi, na mnada hauitishwi chumbani, unaitishwa watu wakishajaa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Ana tabia hiyo, nilimfundisha mimi.

"Yeye ndiye aliyekutafutia," akasema.

Wifi alikuwa anakunja nguo kitandani, mlango wazi. Hakugeuka. "Mwache," alisema. "Nilitaka kochi langu. Nimelipata."

Aprili 15

Nimehama. Chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta. Kitanda kinanitosha urefu.

Aprili 21

Mezani hakuna anayeniambia kitu. Nikipita wanaacha kuongea, nikiondoka wanaendelea. Jana wabebaji walileta robota lenye tundu, wote wakaliona, wote wakalitandaza, wakasubiri nilione. Nililiona. Sasa nagusa kila tabaka mwenyewe, asubuhi hadi jioni. Jioni kiganja kinawaka moto.

Sawa tu. Sikuajiriwa niambiwe.

Aprili 28

Mvua. Pamba.

Mei 6

Miwani ananitembeza kwa wateja kama ng'ombe wa maonyesho. Leo alimleta mwanamke mwenye duka la makochi, mtu mzito, anayenunua jumla kwake tangu zamani. Akamsimulia habari ya mahameli. Kwenye simulizi yake sasa matabaka yamekuwa mia moja, mashine ilikuwa imeshagusa kitambaa, na aliyetandaza alikuwa mwanamke mvivu aliyelala akiwa amesimama. Sikumrekebisha. Yule mwanamke alinishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja kama anayesoma bahati.

"Huyu usimpoteze," alimwambia.

"Nitampotezaje? Mwezi ujao namwajiri moja kwa moja, na namwongeza."

Nililala vizuri usiku huo, lazima niseme.

Mei 14

Mdogo wangu alikuja akasimama nje ya karakana kwenye manyunyu hadi nilipotoka. Amekonda. Kodi ya nyumba sasa inatoka kwenye mfuko mmoja.

"Mke wangu anatafuta," akasema. "Kila mahali wanataka neno la msimamizi wake wa mwisho. Yule wa zamani alihama, simu yake haipatikani. Miwani hataki kusikia jina lake. Umebaki wewe."

"Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Hajui nimekuja. Lakini namba yako ameiandika kwenye maombi yake. Alikaa nayo siku nyingi kabla ya kuiandika, dada. Duka la makochi linataka mtandazaji. Ukipigiwa, sema neno zuri. Moja tu."

"Nitasema ninachokijua."

Alinitazama, akataka kunishika bega, akaishia kurekebisha kola ya koti langu jipya iliyokuwa imekunjika. Akaondoka akiruka madimbwi kama alivyokuwa akiruka akiwa mtoto, miguu yote miwili kwa pamoja.

Mei 17

Manyunyu asubuhi. Mchana jua kidogo. Watu wameanika magodoro.

Mei 19

Simu imelia nikiwa peke yangu stoo. Ni yule mwanamke wa duka la makochi. Aliitambua sauti yangu, akafurahi.

"Kumbe ni wewe, mama wa mahameli. Basi nimepata mtu wa kuaminika. Kuna mwanamke hapa anaomba kazi ya kutandaza, amekuandika wewe. Nimempenda. Mikono mizuri, na ana maneno ya kuchekesha. Mbona aliondoka kwenu?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na neno zuri, tena si moja. Mikono yake kweli ni mizuri. Hachelewi. Anakupa nusu ya mwavuli na kuloa bega zima.

"Ni mtandazaji mzuri," nikasema. "Anafika mapema."

"Sasa kilitokea nini?"

Ningeweza kusema karakana ilipunguza watu. Ningeweza kusema lilikuwa kosa dogo, la wabebaji, kwenye giza, ambalo lingeweza kumpata yeyote. Yote hayo ni kweli. Lakini yule mwanamke ananunua jumla kwa Miwani. Wiki ijayo watakuwa wanakunywa chai, atamwambia: msimamizi wako anasema lilikuwa jambo dogo. Na kama lilikuwa dogo, mimi niliokoa kidogo. Kosa la wifi ndilo bei yangu. Likishuka, nashuka nalo, na bado wiki tatu Miwani aniandikie kazi ya kudumu.

"Ndiye yule wa mahameli," nikasema.

"Yule aliyelala akiwa amesimama?"

"Ndiye."

"Masikini," akasema, na nikasikia karatasi ikikunjwa. "Na anaongea vizuri hivyo. Umeniokoa, mama, mimi nina mahameli tele humu." Kisha akashusha sauti, kama anayeona haya kuuliza. "Mbona kwenye karatasi yake ameandika wewe ni wifi yake? Nisije nikawa nimewagombanisha."

Nje jua lilikuwa limetoka sawasawa, na bati lilikuwa linalia kwa kupanuka.

"Hapana," nikamwambia. "Tulikuwa meza moja tu."